Fundo la Mkono wa Kushoto

Watu wa Mute waliozaliwa baada ya uhuru walimjua Saburi Buanali kama mzee asiyefunga kitu. Mbuzi wake hawakuwa na kamba; walikula mihogo ya majirani, majirani wakaja kumtukana, naye akaomba radhi, na kesho yake mbuzi wakatoka tena. Kuni alizibeba kifuani, kijiti juu ya kijiti, asizifunge mzigo. Hata shuka aliivaa kwa mkanda. Vijana walisema mzee mvivu, na wengine wakasema karogwa. Hakuwa mvivu, wala hakuna aliyemroga. Mikono yake ilijua fundo moja tu tangu utotoni, na mara ya mwisho kulifunga ilikuwa zamani za vita vya kumtoa Mreno. Wanaoijua habari hiyo wanakwisha, na wanaomcheka wanaongezeka, kwa hiyo afadhali isemwe.

Alizaliwa upande wa Tungue, pwani ya kaskazini ya Msumbiji, mtoto wa pekee wa Ancha. Ancha alifariki Saburi hajaingia jandoni, akabaki mikononi mwa mdogo wake mama, Somoe. Huyu Somoe alikuwa mwanamke mfupi, mcheshi, mwenye maneno mpaka mwenyewe akijicheka. Hakuzaa. Saburi alimwita mama, si mama mdogo, na ole wake aliyemkumbusha tofauti.

Somoe alikuwa mchimba ming'oko. Kwa asiyeijua, ming'oko ni viazi vyembamba vya porini, havipandwi na mtu, vinachimbwa na wanawake wakati wa kiangazi, ghala likiwa tupu na mvua bado. Ukivichemsha kwa chumvi, watoto wanalala. Nyumba nyingi za pwani ile zimevuka miaka mibaya kwa ming'oko, ingawa mbele ya wageni kila mtu anasema anakula wali.

Na uchimbaji wake una adabu yake. Mwanamke akikuta pori zuri na jua limemwishia, huchukua uzi wa miyaa, ule ule wa kusukia mikeka, akaufunga kwenye kichaka pale njia inapoingilia porini. Kila nyumba ina fundo lake. Ukikuta fundo la watu wengine, unapita, hata kama njaa inakuzungusha kichwa. Ukikuta la nyumba yenu, unaingia, mwenzio kakuwekea. Sheria hiyo haikuandikwa na mtu, na hakuna aliyeivunja akaolewa vizuri.

Fundo la nyumba ya Ancha na Somoe lilitoka kwa mama yao, ambaye alikuwa mashoto. Lilizungushwa kwa kushoto, mkia ukarudishwa ndani, ncha ikasimama juu kama sikio la panya. Saburi alilijua kabla hajajua alifu, kwa kufuata makalio ya mama yake porini. Madrasa alisoma, kisha akapelekwa shule ya mapadri kwa sababu mjomba mmoja alisema Kireno ni chakula, na kweli kikaja kuwa chakula.

Ilikuja mjini Palma misheni ya uchunguzi kutoka Lourenço Marques, makao makuu ya Wareno. Si misheni ya dini. Ilikuwa ya watu wa vitabu, waliotumwa kuchunguza wenyeji wanakula nini, wanapata njaa lini, ili serikali ipange sera yake ya ardhi na chakula. Mkubwa wao aliitwa doutor Jerónimo, Mreno mwembamba mwenye miwani, mtu asiyekuwa na jeuri. Alikaa mkekani mpaka miguu ikafa ganzi, na wanawake wakamcheka akishindwa kusimama. Saburi aliajiriwa awe mkalimani wake.

Siku za mwanzo kazi haikwenda. Doutor aliuliza, "Mnakula mara ngapi kwa siku?" na kila nyumba ikajibu, "Tunamshukuru Mungu." Alipanda na kushuka pwani yote, akaandika shukrani tupu. Hapo ndipo Saburi alipoanza kuyageuza maswali. Aliacha kuuliza habari ya kula. Aliuliza, "Jana moto wenu wa jikoni ulizimika lini?" Aliuliza, "Nani alikula mwisho?" Na watu wakaeleza, maana kuulizwa habari ya moto si kuulizwa aibu. Wanawake waliokwisha kumficha hata padri njaa yao walimweleza Saburi mwezi njaa yao inapoanza, pori wanalokwenda na njia wanayopita. Alikuwa mtoto wa Somoe, angefichwa nini?

Doutor alipogundua, alifurahi akamshika mkono. "Wewe si mkalimani tena," akamwambia. "Wewe ni mchunguzi."

Saburi aliipenda kazi ile kuliko alivyowahi kupenda kitu. Tuseme ukweli, alivimba kichwa kidogo pia. Lakini alikuwa na haki ya kuvimba. Ripoti ilipotoka ilikuwa na maneno yake ndani: kwamba watu wa pwani wasihamishwe mbali na mapori yao ya ming'oko, na kama lazima wahamishwe, basi wanawake waruhusiwe kutoka kuchimba wakati wa kiangazi, la sivyo watakufa. Alimsomea Somoe maneno hayo kwa Kiswahili.

"Ala! Ming'oko yangu imefika Lourenço Marques!" Somoe akasema. "Na mimi lini?"

Wakati huo vita vilikwisha kuanza bara, kwa Wamakonde, na vilikuwa vinateremka. Watu wengine waliingia msituni kwa wapiganaji, wengine wakavuka Ruvuma kwenda Tanganyika na watoto mgongoni. Barabara ya kwenda Diaca ilifungwa kwa magari ya raia. Misheni ikafungwa nayo. Doutor Jerónimo alipokuwa anafunga masanduku, alimwambia Saburi kwamba administrador, mkuu wa wilaya, anatafuta msaidizi wa maendeleo kwa vijiji vipya. "Kuuliza tumekwisha uliza," akasema. "Sasa ni kutenda. Anayejua njaa inapoanzia ndiye wa kuizuia."

Maneno mazuri. Saburi alikwenda nayo kwa Somoe.

Somoe alikuwa anachambua miyaa, mguu mmoja kaunyosha kwa sababu goti lilikwisha kuanza kuvimba. Alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo kwake lilikuwa nadra.

"Ulipokuwa unauliza, mwanangu, watu walikuwa wanakujibu wapendavyo," akasema. "Sasa utakuwa unaamuru. Nnakuogopea."

"Siamuru, mama. Nitakuwa ndani, nitasema ninayoyajua. Ripoti si wanayo? Nani wa kuwakumbusha kama si mimi?"

"Haya. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Lakini usije ukaniogesha na mimi."

Alicheka alipolisema hilo. Saburi naye alicheka, akachukua kazi.

Kijiji kipya kilijengwa kando ya barabara, kabla hujafika Mute. Wareno walikiita aldeamento. Watu walikiita Seng'engeni, kwa sababu kilizungushiwa seng'enge pande zote, lango moja, na mnara wa askari juu yake. Waliletwa watu wa vitongoji vyote vya karibu, kwa malori, na nyuma yao nyumba zao zikachomwa ili wapiganaji wa msituni wasipate pa kulala wala mtu wa kuwapa chakula. Ndiyo ilikuwa maana yake. Maendeleo yalikuwa jina la pili. Haki ya mtu usimnyime, bomba la maji lilikuwepo na lilitoa maji. Shule ilikuwepo, mwalimu hakuwepo. Ghala la serikali lilikuwepo, lina kufuli kubwa jipya, na ndani lilikuwa na panya.

Saburi alipewa baiskeli, shati la kaki na nyumba ya bati karibu na lango. Somoe aliletwa kwa lori kama wengine, kigoda kichwani, na aliposhuka akamwona mwanawe kasimama pale anapokea watu, alimwamkia kwa dhihaka kama anamwamkia bwana wa Kireno, "Shikamoo, sinyori Saburi!" Watu wakacheka. Ilikuwa mara ya mwisho kwa muda mrefu watu kucheka mahali pale.

Saburi alimshika mikono yote miwili, akasema mbele yao, "Mama, hapa hutalala na njaa mimi nikiwa hai." Aliahidi hivyo, na wote walisikia.

Mahindi ya serikali yalikuja mara chache za mwanzo, kisha yakaja nusu, kisha ikaja habari tu. Mashamba yaliruhusiwa yale ya ubavuni mwa seng'enge, kwa saa chache, askari akisimama na bunduki, na nguruwe wa porini walikula kilichobaki maana hakuna aliyeruhusiwa kulala shambani kuwafukuza. Kiangazi kikaanza. Saburi alipita nyumba kwa nyumba asubuhi, na sasa hakuhitaji kuuliza moto ulizimika lini. Alikuwa anaona majivu ya juzi. Wanawake waliokuwa wakimwambia kila kitu walimjibu, "Tunamshukuru Mungu, sinyori." Jibu hilo lilimuuma kuliko tusi.

Akapanda baiskeli kwenda Palma kwa administrador. Alimkuta na kapiteni wa kambi ya askari ameketi pale, mtu mpole wa sauti, anapunga kofia kwa joto. Ripoti ya misheni ilikuwa mezani. Saburi alipoiona alijisikia kama aliyekutana na ndugu ugenini.

"Imo humu," akawaambia. "Wanawake waruhusiwe kutoka. Ming'oko itawavusha mpaka mvua."

"Tumeisoma," administrador akasema. "Ni kazi nzuri sana."

"Ila mapori yenyewe hayakutajwa," kapiteni akasema. "Yako wapi? Wanapita njia gani?"

Saburi alifurahi. Hilo linatisha ukilifikiria, lakini alifurahi, akadhani wanataka kujua ili waweke ulinzi na lango lifunguliwe. Alivuta kiti, akawaonyesha kwa kidole juu ya meza: hapa barabara, hapa bomba, hapa pori la Mitopetope ambalo ndilo kubwa, njia yake inaingia penye mkwaju uliopasuka, na hapa njia ya bondeni, na hapa ile ya wazee. Aliyasema yote aliyopewa na wanawake miaka ile ya mkekani. Kapiteni alimshukuru, akampa sigara, ingawa Saburi hakuwa mvutaji. Wakamwambia arudi, jibu litakuja.

Jibu lilikuja kwa miguu. Jioni moja kabla ya magharibi Saburi aliona kundi la askari linarudi kutoka upande wa Mitopetope, sepetu mabegani, masanduku matupu mikononi. Wa mwisho alikuwa Cassimo, Mmakua mmoja aliyetiwa uaskari kwa nguvu, aliyezoea kupita kwa Saburi kuomba chumvi. Cassimo alisimama kama anafunga kiatu.

"Kaka," akasema bila kuinua uso, "usipite tena kule."

"Mnalima?"

"Tumepanda. Njia zote." Akaangalia mnara. "Vitu vya kupasuka. Wamesema wanaochimba kule ndio wanaolisha watu wa msituni."

Akaenda zake. 

Asubuhi Saburi alikuwa Palma. Administrador hakukana. Alimsikiliza kama mtu anayesikiliza habari ya mvua, kisha akasema, "Basi watangazie kwamba kutoka ni marufuku. Asiyetoka hatadhurika."

"Nikiwatangazia bila sababu hawatasikia. Wana njaa. Niruhusu niwaambie kuna nini."

"Ukiwaambia wao, kesho yake wanajua na wa msituni. Tunaojua ni wachache, Saburi. Likitoka neno, nitajua limetoka kwa nani, na kijiji chote kitajibu."

Hapo angeweza kulivua shati la kaki akaliweka juu ya meza. Wapo waliosema hivyo baadaye, wakiwa wamekaa mahali salama. Saburi hakulivua. Aliogopa gereza, aliogopa kijiji kuadhibiwa, na chini ya hofu zote mbili aliogopa wanawake wajue nani alionyesha njia. Alirudi, akapiga mbiu: marufuku kutoka. Wanawake wakasikiliza, wakafunga kanga zao, na njaa nayo ilikuwa na mbiu yake. Nyuma ya msikiti wa makuti palikuwa na mahali seng'enge imeinuliwa, na kila mtu alipajua isipokuwa askari. Saburi alipajua.

Kumwambia Somoe peke yake? Alilifikiria. Lakini Somoe hakujaliwa kuweka neno. Alikuwa akisema mwenyewe kwamba siri ukimpa inamwasha mdomo. Jioni ingekuwa kijiji kizima kinajua, na asubuhi kapiteni. Tena goti lake lilikuwa limekwisha kabisa. "Mimi na pori tumeachana, talaka tatu," alikuwa akisema. Saburi alikuwa akimpelekea sehemu ya posho yake ya mahindi, akijua hatoki. Kwa hiyo hofu yake ilikuwa kwa wanawake wengine, si kwake.

Basi akapata shauri, na lilimjia kama rehema. Alichukua miyaa nyumbani, akaiweka mfukoni, akatoka langoni na baiskeli kwa kisingizio cha kukagua mashamba. Kila njia inapoingilia, penye mkwaju uliopasuka, bondeni, na ile ya wazee, alisimama, hakukanyaga ndani hata hatua, akafunga uzi kwenye kichaka. Vidole vyake havikukosea. Vilifunga fundo vililolijua, la mkono wa kushoto, mkia ndani, ncha juu. Fundo jingine hakufundishwa. Mwanamke yeyote akiliona atapita, na hakuna askari atakayelitambua, na hakuna atakayesema Saburi kafungua mdomo. Alijiona mwerevu siku ile. Alirudi akanywa maji, akalala mchana usingizi mzito.

Na ilifaa! Siku zilizofuata aliwaona wanawake wanapenya nyuma ya msikiti na vikapu, na wanarudi na vikapu vitupu, wananuna, wazima. Kila aliyerudi alimhesabu moyoni akamshukuru Mungu. Njaa ilizidi, lakini njaa inamwacha mtu na miguu yake. Alijiambia lori la mahindi litafika kabla hawajakata tamaa, na akaenda Palma kulifuata.

Hakujua mawili. La kwanza, mahindi aliyompelekea Somoe hayakuliwa na Somoe. Alikuwa akiwagawia wajukuu wa jirani yake Cadija, na mwenyewe anakunywa maji ya moto na majani ya mlimau, kisha anatoka nje kupiga domo kama aliyeshiba. La pili lilitokea bombani, siku ile ile aliyokwenda Palma.

Cadija alikuwa mama wa makamo, mkali, mwenye uchungu wa haki. Alimkuta Somoe anakinga maji, akaweka ndoo chini.

"Da Somoe, wewe! Umefunga pori zima! Mitopetope fundo lako, bondeni fundo lako, njia ya wazee fundo lako. Sisi tukachimbe mawe?"

"Mimi? Kwa goti hili?"

"La kushoto, ncha juu. Nimeliona kwa macho yangu."

Somoe aliacha kukinga maji.  Nyumba yao ilikuwa imekwisha. Mama yake kaburini, Ancha kaburini. Wenye kujua kulifunga fundo lile walikuwa wawili duniani. Taratibu uso wake ukafunguka, na machozi yakamtoka akiwa anacheka.

"Ni mwanangu," akasema. "Saburi kaniwekea. Kaona aibu kuonekana mwanamume mzima na ming'oko mkononi, akaona anifungie tu, nikachukue mwenyewe. Mnaona? Mnamsema sinyori, sinyori! Kaahidi sitalala na njaa, na hajasahau."

Cadija alitaka kumsindikiza. Somoe alikataa, fundo ni la nyumba yake na adabu ni adabu, aingie kwanza mwenyewe. "Nikipata changu nitalifungua," akasema, "muingie wote, mshibe. Siwezi kula peke yangu mapori matatu, kwani mimi nguruwe?" Akaenda nyumbani kuchukua kikapu na muo wake wa kuchimbia, akajikokota kwenda nyuma ya msikiti. Alikuwa anaimba.

Saburi alirudi na jua la mchana, hana lori. Waliokuwa uani kwa Cadija walimwamkia vizuri, na hilo lilimshtua, maana hakuwa amezoea.

"Kumbe una moyo, mwanangu," Cadija akamwambia. "Tulikudhania vibaya. Mama yako kaenda kuchukua ulichomwekea."

"Nilichomwekea nini?"

"Usione haya. Fundo si lenu?"

Aliingia ndani ya kibanda cha Somoe. Nyuma ya mlango, mahali pa muo, palikuwa na ukuta tu. Alitoka mbio, baiskeli akaiacha imelala, akafika langoni askari wakampigia kelele asimame, hakusimama, na alikuwa amepita shamba la mwisho pale sauti ilipokuja kutoka upande wa mkwaju uliopasuka. Ilikuwa mara moja. Baada yake ndege walinyamaza pande zote, na vumbi likainuka polepole juu ya Mitopetope.

Cassimo ndiye aliyeingia kumchukua, kwa sababu alibeba masanduku siku ile na alijua pa kukanyaga. Alimleta ndani ya kanga. Kambini ilisemwa ameuawa mwanamke aliyekuwa akipelekea wapiganaji chakula. Kikapu chake hakikuwa na kitu.

Walimzika kabla ya magharibi, ndani ya seng'enge, maana kutoka ni marufuku. Wanawake waliomwosha walikuta uzi wa miyaa ameuzungusha kwenye kifundo cha mkono. Alikuwa amelifungua fundo kwanza, kabla ya kuingia.

Siku ya pili ya matanga watu walikaa uani, wanaume upande huu, wanawake upande ule, hakuna cha kupika. Mwalimu wa madrasa alisoma dua. Askari wawili walisimama kwenye uzio. Saburi alikaa amekunja magoti, shati la kaki mwilini kwa sababu hakuwa na jingine, na akawasikia wanawake wanaongea chini kwa chini.

"Alisema akilifungua tuingie wote," Cadija alikuwa anasema. "Na kalifungua, uzi ninao mimi. Bomu lililokuwepo limekwisha kupasuka. Kesho alfajiri tutakwenda, tumalize alichoanza. Watoto wamelala mchana, hawachezi tena. Mnajua maana yake."

"Tutakwenda," wengine wakasema.

Saburi aliwaangalia mmoja mmoja. Wote aliwahi kukaa mkekani kwao, wote waliwahi kumwambia mwezi wao wa njaa. Akainuka. Akashika nguzo ya kibanda.

"Msiende," akasema kwa sauti, askari wakageuka. "Lililopasuka ni moja. Yamejaa. Mitopetope, bondeni, njia ya wazee, kote wametega mabomu ya kukanyaga. Mimi ndiye niliyewaonyesha njia. Mimi ndiye niliyefunga mafundo, ili mpite mbali. Nilijua tangu siku waliyotega. Msiende, mama zangu."

Askari mmoja alikwisha kukimbilia kambini. Mwingine alimshika Saburi mkono, naye hakuuvuta. Alichukuliwa kabla hitima haijasomwa, akapelekwa gerezani mbali kusini, akarudi vita vilipokwisha na nywele nyeupe. Hakuna mwanamke wa Seng'engeni aliyekanyaga Mitopetope kiangazi kile.

Lakini kabla hajatolewa uani, Cadija alisimama mbele yake. Hakupiga kelele wala hakumtemea mate. Uzi wa miyaa ulikuwa bado mkononi mwake, na alimtazama kama anamtafuta mtu ndani ya uso ule.

"Kumbe kusema unajua," akamwambia.